PUMBA TUNAWAPA KUKU, NYUZINYUZI TUNANUNUA KWENYE KOPO!



Siku za gulio wamezuka watu wa makopo. Eti unga wa nyuzinyuzi, eti vidonge vya kusafisha tumbo, kila mwenye choo kigumu anunue. Nasi tunanunua! Fedha ya korosho haijakaa mfukoni, imekwishaingia kwenye kopo. Sisi tunasema: hapana.

Nyuzinyuzi ni nini hasa? Ni makapi ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuyayeyusha. Hushika maji, hulainisha choo na kukisukuma. Yamo katika maganda ya nafaka na kunde, katika majani na matunda. Hayakuzaliwa ndani ya kopo.

Unga mwingi wa namna hiyo ni maganda ya mbegu inayolimwa India. Mwaka 2017 India hiyohiyo iliweka kikomo cha mbaazi kutoka nje. Bei ilianguka, tukalia. Leo tununue maganda ya kwao, na mbaazi zetu zimo ghalani? Akili gani hiyo?

Tupige hesabu. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina nyuzinyuzi kama gramu 11. Kidonge kimoja mara nyingi kina nusu gramu tu. Umeze ishirini na zaidi ndipo ulingane na kikombe kimoja, na bado hujashiba! Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, tena zilizomo katika chakula chenyewe.

Wala si habari mpya. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Uganda, na mwenzake Hugh Trowell, waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyosumbua Ulaya yalikuwa haba kwa wanavijiji wa huku. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yake. Wazungu walijifunza kwetu. Sisi tunakimbilia kopo.

Kosa liko mashineni. Tunakoboa mahindi mpaka yawe meupe kama chokaa, pumba tunawapa kuku. Ndiyo maana kuku wetu hawana shida ya choo!

Wapo watakaosema dona ina sumukuvu. Sumukuvu ipo kweli, lakini inaletwa na mahindi mabichi na yaliyooza. Tuanike juu ya turubai, tuchambue, ndipo tusage.

Hatupingi dawa ya daktari. Akikuandikia unga huo, tumia kwa maji mengi, maana bila maji huweza kukwama kooni. Lakini ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, usimsikilize mchuuzi. Nenda zahanati upesi.

TUFANYE HIVI:
1. Tule dona, mtama na uwele.
2. Kila nyumba iweke akiba ya mbaazi, kunde na choroko kabla ya kupeleka ghalani.
3. Ugali wa muhogo uende na kisamvu kilichotwangwa na kuiva vizuri, au mlenda.
4. Maembe, mapapai na mapera wapewe watoto, yasiozee chini.
5. Tuongeze nyuzinyuzi kidogo kidogo, na maji ya kutosha, tumbo lisijae gesi.

Tumbo letu lishibe shambani mwetu. Mwenye kopo akija, mwonyeshe sufuria ya mbaazi!

Kamati ya Ubao wa Habari,
kwa niaba ya Ushirika