Udongo wa Vyungu na Mchanga wa Vilima

Mama zetu wa Shela! Miasumini na mirehani ya uani haihitaji udongo wa kununua. Tuchanganye sehemu mbili za udongo wa uani, moja ya samadi ya punda iliyokwisha kuoza, kwani mbichi huunguza mizizi, na moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa chumvi. Chungu kitobolewe chini.

Lakini mchanga wa vilima tusiuchote. Huo ndio unaohifadhi maji ya mvua, na visima vinavyotunywesha sisi na mji wa Lamu vimo humo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kupanda ni sadaka, na sadaka haitolewi kwa haki ya jirani.