Mfumo umekataa? Muulize huyo mfumo ni nani!

Kama na wewe umeshawahi kuambiwa "mfumo umekataa", vuta kiti tuongee.

Juzi nilimsindikiza dada yangu kwenye ofisi ya jamaa fulani wanaokopesha kwa simu. Dada anauza chipsi, huu mwaka wa sita, na jioni pale kibandani kwake utapanga foleni mpaka miguu iume. Alitaka vijisenti aongeze jiko la pili. Akaomba kwa simu, dakika haikuisha jibu likaja: hujakidhi vigezo. Shemeji, yaani mumewe, ambaye hata kumenya kiazi hajui, akaomba jioni hiyohiyo. Akapewa!

Tukamuuliza kijana wa kaunta, kulikoni? Akachekacheka: "Siyo mimi dada, ni mfumo." Mfumo ni nani, anakaa wapi, ana simu? Kimya.

Mimi nahisi mchezo wenyewe uko hivi. Kompyuta haijawahi kuonja chipsi za dada. Yenyewe inasoma laini tu, hela ngapi zimeingia na ngapi zimetoka. Wateja wengi wanampa noti mkononi, na wanaolipa kwa simu wanatuma kwa shemeji, maana namba iliyobandikwa kibandani ni yake. Kwa hiyo jasho la dada limehesabiwa kuwa la shemeji! Wapo akina dada wangapi wa namna hiyo mjini hapa? Hakuna aliyekaa akasema tuwabague wanawake, lakini mwisho wa siku wamebaguliwa.

Wala siyo Bongo peke yake. Kule Marekani, kampuni ya Amazon ilitengeneza programu ya kuchambua maombi ya kazi. Wakaifundisha kwa maombi ya miaka 10 ya nyuma, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Nayo ikashika somo: ikikuta neno linaloonyesha mwombaji ni mwanamke, inamshusha. Waliitupa, habari ikafumuka mwaka 2018.

Jiji la New York likatunga sheria mwaka 2021, ikaanza kusimamiwa Julai 2023. Mwajiri anayechuja watu kwa programu ya aina hiyo lazima kila mwaka aite mkaguzi wa nje aiangalie kama inabagua kwa jinsia au rangi, na matokeo yawekwe hadharani.

Na sisi siyo watupu, jamani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023. Kifungu cha 36 kinakupa haki ya kudai kwamba uamuzi mzito juu yako usifanywe na mashine peke yake. Ukishafanywa, unaweza kudai uangaliwe upya. Wakikuzungusha, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, peleka malalamiko.

Kasheshe ni mbili. Kwanza, sheria ina upenyo, kwa mfano pale ulipokubali mwenyewe, na wewe ule utitiri wa masharti huwa unabofya tu "nakubali". Pili, haimlazimishi mtu aikague mashine yake kama inabagua kabla haijaanza kutukataa. Hicho ndicho kipande ambacho tunawadai waheshimiwa wabunge. Dada akinyimwa ndipo aanze kuandika barua, jiko lenyewe atanunua lini?

Hata hivyo barua tumeandika. Nimeiandika mimi, maana mwandiko wangu siyo haba, dada akatia saini: tunaomba binadamu mwenye macho mawili aje aone foleni ya chipsi. Bado hawajajibu.

Ila kitu kimoja hatukusubiri. Namba ya pale kibandani tumeibandua, sasa hivi inasomeka ya dada. Shemeji kanuna, lakini atazoea tu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda!