Kompyuta ya nyumbani si yako peke yako, iskani kila wiki

Hebu nikuulize, na unijibu kwa ukweli: mara ya mwisho uliskani kompyuta yenu ya nyumbani lini? Sisemi ile siku kidirisha kilitokea ukakifunga haraka urudi kwa filamu. Nasema kuskani ukangoja mpaka mwisho, ukasoma majibu. Kama hukumbuki, karibu, keti hapa kando yangu. Mimi nilijua kila kitu na bado nikachomeka.

Mathe wangu ni mweka hazina wa chama cha kina mama mtaani. Miaka mingi alikuwa akiandika michango kwa daftari. Mimi, kijana niliyeacha chuo mwaka wa pili na ninayejifanya fundi wa kompyuta wa ploti nzima, nikamwambia daftari ni mambo ya kale. Nikamtengenezea jedwali kwa laptopu yangu: nani ametoa, nani ana mkopo, zamu ni ya nani. Akafurahi. Daftari likawekwa chini ya kitanda.

Halafu siku moja nikataka programu ya kuhariri video bila kulipa. Nikapata ya wizi. Maelezo yake yalikuwa wazi: zima antivirusi kwanza, la sivyo haitaingia. Nikazima. Yaani mwizi aliniambia nimfunge mbwa ndipo aingie, na mimi nikamfunga mbwa.

Wiki tatu zilipita, sikuskani hata mara moja. Asubuhi moja nikafungua mashine nikapata kila faili limebadilika jina na halifunguki, na barua ya Kiingereza ndani ya kila folda ikidai dola. Jedwali la chama pia lilikuwa limeenda. Video zangu hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni mathe kuingia mkutanoni bila hesabu ya karibu miaka miwili, na mama mmoja kuuliza polepole, "Sasa tutajuaje pesa haikuliwa?"

Hakuna aliyemtukana. Walinyamaza tu. Ikabidi kila mtu atoe simu atafute jumbe za M-Pesa, moja moja, mwezi baada ya mwezi. Kwa wale waliotoa pesa mkononi, lilibaki neno lao na neno la mathe.

Ndiyo maana nikisikia msee akisema "mimi sina kitu cha kuibiwa" huwa nakasirika. Pengine wewe huna. Lakini kwa hiyo mashine kuna siivii ya dadako, kuna nywila ya eCitizen ya babako aliyoiacha ikijijaza yenyewe, kuna projekti ya rafiki aliyekuja kuchapisha. Kompyuta ya nyumbani ni kama jiko la ploti: ukiliacha likiwaka, nyumba itakayoungua si yako pekee.

Sasa utasema antivirusi ni pesa. Hapana. Kama una Windows 10 au 11, Microsoft Defender imo tayari ndani, bure kabisa. Ukiweka antivirusi ya kampuni nyingine, Defender hujiondoa njiani yenyewe, kwa hivyo usirundike mbili ukidhani ni nguvu mara mbili. Na kama bado uko kwa Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo una sababu zaidi ya kuwa macho.

Utasema tena, "Si inajiskani yenyewe?" Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Windows imepangiwa kufanya matengenezo yake saa nane usiku. Haya, niambie, saa nane usiku laptopu yako iko wapi? Imezimwa, iko ndani ya begi, kwa sababu tokeni za stima si za kuchezea. Ikikosa hiyo saa, inasubiri mashine iwashwe na itulie bila mtu kuigusa. Na sisi tukiwasha ni kazi, tukimaliza tunafunga. Ile ratiba inamfaa mtu anayeacha mashine ikiwaka usiku kucha. Sisi tupange yetu.

Mimi nilichagua Jumapili saa nane mchana. Watu wamekula, wengine wamelala, mashine iko kwa stima. Fungua programu inayoitwa Task Scheduler. Ingia kwa maktaba yake, halafu Microsoft, halafu Windows, halafu Windows Defender. Utaona kazi ya skani iliyopangwa. Ibonyeze mara mbili, nenda sehemu ya Triggers, uongeze siku na saa yako, kila wiki. Kabla hujatoka, angalia sehemu ya Settings, utie tiki pale panaposema kazi ifanywe haraka iwezekanavyo kama saa yake ilipita. Hiyo tiki ndogo ndiyo dawa ya stima kupotea. Angalia pia Conditions: kuna tiki inayozuia kazi kuanza mashine ikiwa kwa betri. Ni dakika tano tu.

Ratiba ikishakaa, jifunze tofauti ya skani. Ile ya haraka hupitia sehemu ambazo virusi hupenda kujificha, na inatosha kwa wiki ya kawaida. Ile kamili hupitia kila faili na inaweza kula saa kadhaa kwa mashine nzee, kwa hivyo ifanye mara moja kwa mwezi, au ukishuku kitu. Kuna nyingine inayozima mashine na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa vile virusi vikaidi. Na flashi ikitoka saiba, ibonyeze upande wa kulia wa kipanya, uiskani kabla ya kufungua chochote. Ukiona folda zako zimegeuka njia za mkato, usizibonyeze.

Najua inapunguza spidi. Kweli, mashine yenye diski ya zamani itakuwa nzito wakati huo. Ndiyo maana unachagua saa ambayo huna kazi.

Nisikudanganye pia. Siwezi kuapa kuwa skani ingemkamata mgeni wangu, maana nilimfungulia mlango mwenyewe. Na faili zikishafungwa na wahuni, skani haizifungui; inaondoa virusi tu. Kwa hivyo nakala ya vitu vya maana iwe mahali pengine, kwa flashi isiyobaki imechomekwa. Lakini zile wiki tatu nilimpa bure.

Mathe alirudi kwa daftari. Hakunifokea. Kila mwisho wa mwezi ananipa nilinakili kwa laptopu, halafu analichukua analirudisha chini ya kitanda. Na kila Jumapili saa nane mchana anauliza kutoka jikoni, "Imeanza?"

Yako inaanza saa ngapi?