Gari la harusi haliendi mbio

Wale mlionipita Jumamosi pale Ilala nimelala chini ya gari, miguu nje, kaptula imelowa grisi, ndiyo, nilikuwa mimi. Na wewe uliyesema "kimeo kimekufa tena", nilikusikia. Hakijafa, ndugu yangu. Kinaandaliwa mbio.

Gari lenyewe wengi mnalijua. Peugeot 404 ya mwaka 1967, nyeupe, gia kwenye usukani, mali ya marehemu baba. Lilikaa juu ya matofali uani kwa mama miaka kumi na moja, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mimi na mdogo wangu wa kike tukalivalia njuga. Miaka mitatu ya kubana matumizi, hakuna kiwanja, hakuna viatu vipya. Likatoka jipya. Rangi inateleza, kromu unajitazama ukachana nywele, viti vimeshonwa upya. Basi bwana, likaanza kutesa mjini. Kila Jumamosi linabeba bibi harusi, maua kwenye boneti, na ngawira inaingia taratibu.

Sasa kuna mashindano ya klabu, ya sisi wasiolipwa: siku moja, barabara ya vumbi, kundi la magari ya zamani. Nikajiandikisha. Dereva mimi, msoma ramani mdogo wangu. Tukaambizana, gari si limeshakarabatiwa? Kilichobaki ni kubandika namba mlangoni.

Mtauliza kwa nini nikimbize mzee wa watu wakati mji umejaa magari ya Kijapani yenye nguvu. Jibu liko kwenye historia, wapenzi wasomaji. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na 404 ilikuja kuishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 aliuleta Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza saba tu! Na la kwanza kati ya hayo saba lilikuwa 404. Injini yake ni sisi 1,618. Kulikuwa na magari yenye kasi kuliko hilo, ila yaliishia njiani, kwenye tope na mashimo. Baba alikuwa akituhadithia hayo huku anafuta vumbi kwenye dashibodi, nasi tukiwa watoto tunasinzia.

Tukaenda kulijaribu milima ya Pugu, Jumapili asubuhi. Kupanda, raha tupu. Kushuka, nikalikaza kidogo kama wakubwa wanavyofanya: gesi, breki, kona, gesi, breki. Mara ya tano au ya sita nikakanyaga breki, kikanyagio kikaenda mpaka kwenye zulia. Nikapampu. Hakuna kitu. Mbele kuna kona, na mbele ya kona kuna mama amebeba ndoo kichwani, mtoto anamfuata nyuma.

Nikavuta gia hadi namba mbili, injini ikapiga kelele kama mbuzi wa Idi. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, honi nimeilalia. Yule mama akamkwapua mtoto akarukia majanini, ndoo ikabaki barabarani. Tukaipitia ndoo. Gari likaja kusimama kwenye tuta la mchanga mita chache kutoka kwenye mtaro. Tulirudi kwa miguu kumwomba radhi na kumlipa ndoo yake. Alipokea pesa bila kutujibu, na hakuacha kumshika mtoto mkono. Mdogo wangu naye hakusema neno mpaka tumefika nyumbani. Aliposema, alisema moja tu: "Kaka, tungemuua yule mtoto."

Kesho yake nikalipeleka kwa mzee wangu wa gereji. Huyu babu ameshika spana tangu mimi sijazaliwa, na 404 anaijua kama mfuko wa koti lake. Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma. Hakusifia rangi.

"Mwanangu, wewe unataka gari la harusi au gari la mbio?"

"Vyote viwili, mzee wangu."

"Hakuna. Chagua."

Nikadhani ananizuga. Akachukua kopo la mafuta ya breki niliyokuwa natumia, akanionyesha rangi yake, kama chai ya rangi. Akanipa somo, nami nawapa bure. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, hata ukiwa hujagusa gari. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki mpaka nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka mpaka 155. Na 404 yangu ya 1967 ina breki za dramu magurudumu yote manne, ambazo hushika joto kama sufuria ya maharage. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama puto. Unakanyaga, unakamua puto, gurudumu halina habari. Kwenye msafara wa harusi, spidi 40, huwezi kugundua kitu. Pugu utagundua.

Kwa hiyo tukaanza na kusimama kabla ya kukimbia. Dramu zikapelekwa kuchongwa zote nne. Breki shuu mpya za kuhimili joto. Rabi za silinda za magurudumu, mpya. Paipu za mpira, ambazo kwa nje zilikuwa nzuri kabisa, babu alipozikunja zikapasuka kama ngozi ya kisigino. Mafuta mapya, kopo linafunguliwa siku ile ile, na kila baada ya mashindano yanamwagwa.

Nikauliza, injini je? Kabureta kubwa? Ekzosi ya kunguruma? Babu akacheka. "Injini yako ni nzima. Mpe plagi, platini, mafuta mapya na rejeta safi. Nguvu utaitafuta mwakani, ukiwepo."

Hilo "ukiwepo" lilinikaa.

Rejeta ikafunguliwa ikatolewa matope ya enzi za Mwalimu. Mpira wa petroli ulikuwa wa zamani, umekauka, ukabadilishwa wote kutoka tangi hadi kabureta. Betri ikafungwa kwa chuma badala ya kamba ya katani (msicheke). Chini ya injini ikawekwa sahani nene ya chuma, maana jiwe moja likitoboa sampu, mafuta yote yanabaki barabarani na injini inanoki kabla hujajua kuna nini. Shokapu mpya mbele na nyuma. Ringi zote zikapigwa brashi ya waya kutafuta nyufa, na moja tukaikuta imepasuka pembeni mwa tundu la nati. Ringi hiyo ilikuwa imebeba mabibi harusi wangapi, Mungu ndiye anajua.

Kisha vitu vya usalama ambavyo klabu haina mjadala navyo. Swichi ya kukata umeme wa gari zima, dereva aifikie akiwa amefunga mkanda, na mtu wa nje aifikie pia. Mahali pake panawekwa alama ya pembetatu ya bluu yenye radi nyekundu. Mtungi wa kuzimia moto, uliofungwa kwa bolti, siyo unaobiringika chini ya kiti. Helmeti zenye alama ya ubora. Viti vya mbio viwili. Mikanda ya mabegani na kiunoni, nayo ina tarehe ya mwisho wa matumizi kama maziwa. Nilikuwa nimeuziwa mtumba mmoja wa bei poa, tukasoma lebo, umekwisha muda siku nyingi. Nikautupa, roho inauma.

Mpaka hapo nilikuwa bado najidanganya kwamba gari la harusi lipo. Viti vinatolewa, vinarudishwa, basi. Ndipo babu akataja keji, yaani kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisiwalalie likipinduka. Hapa hakuna bomba la maji, wala la kitanda. Upinde mkuu, ule wa nyuma ya viti vya mbele, ni bomba lisilo na mshono, kipenyo milimita 45, unene milimita 2.5. Kila mguu unakanyaga kwenye bamba la chuma la milimita 3 lililochomelewa sakafuni. Mabomba mengine yanapita pale pale alipokuwa akikaa bibi harusi. Kiti cha nyuma kinatoka na hakirudi.

Babu akafunua zulia, akachukua nyundo ndogo, akagonga sakafu kama daktari anavyogonga kifua. Ti, ti, ti, halafu pu. Akagonga tena. Pu. Akachomeka bisibisi. Ikapita mpaka chini, nikaona ardhi. Chini ya rangi yangu ya kujitazama kulikuwa na kutu iliyofunikwa kwa putti! Fundi aliyeninyooshea bodi alipokea hela yote na akaniacha nimekalia kigae. Na 404 haina chesisi ya pembeni, bodi ndiyo gari. Ungeweka keji juu ya putti, siku ya kupinduka miguu yake ingetoboa sakafu kama msumari kwenye papai.

Kwa hiyo kukata. Kukata sakafu aliyoikanyaga baba, kuweka chuma kipya, kuchomelea. Hilo halikuwa la kuamua mimi na babu. Nikaenda kwa mama.

Mama alisikiliza yote, anachambua mchele. Nikamweleza pesa za harusi zitakatika. Nikamweleza kiti cha nyuma. Sikumweleza Pugu, lakini mdogo wangu alishamweleza.

"Nyote wawili mnapanda?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Gari moja?"

"Ndiyo."

Akanyamaza mpaka sinia likaisha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya urithi, ya marehemu baba yenu, ya gari kutobolewa kama ungo. Badala yake akasema: "Baba yenu alilinunua lile gari limfikishe anakokwenda. Hakulinunua apigie picha. Kateni. Ila kiti cha nyuma nileteeni mimi."

Basi kiti kiko sebuleni kwake hadi leo, kimewekewa miguu ya mbao na kutandikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Majirani wakija wanakalia 404. Kuku hawaruhusiwi.

Keji ilimaliza wiki mbili. Mchomeleaji alikuja na mashine yake usiku, mchana umeme unasumbua. Siku ilipomalizika tulikaa ndani mimi na mdogo wangu, mikanda imefungwa, gari limezimwa, mlango umefungwa. Babu akashika saa. Zoezi: kufungua mkanda, kukata umeme, kuchomoa mtungi wa moto, kutoka nje. Mara ya kwanza mimi nilinasa kwenye bomba la mlangoni, mdogo wangu yuko nje zamani ananichungulia. Tulirudia mpaka jasho likaloanisha viti. Mama alikuwapo, amekaa kwenye kigoda. Kila tukitoka anauliza: "Sekunde ngapi?"

Juzi tumepita ukaguzi. Mkaguzi wa klabu alilala chini, akavuta mikanda kwa nguvu zote, akasoma tarehe, akapima bomba, akatikisa betri. Rangi hakuitazama kabisa. Alipobandika karatasi yake kwenye kioo, babu alifuta mikono na tambara, akatoa kauli yake ndefu kuliko zote za mwezi huu: "Sasa ni gari."

Nawaambieni nyie wenye michuma ya wazee uani, maana najua mko wengi. Kama unataka la harusi, ni sawa kabisa, lina hela na lina heshima, ila nalo ubadilishe mafuta ya breki. Kama unataka la mbio, anza na nyundo ndogo na zulia lililofunuliwa, kabla ya kwenda kwa mpiga rangi. Mimi nilianza kwa mpiga rangi, nikalipa mara mbili.

Jumapili tunaondoka alfajiri, gari juu ya lori. Tumekubaliana na mdogo wangu: hatuendi kushinda. Tunaenda kumaliza, kama wale saba wa 1968. Mama amesema yeye atakaa kwenye mstari wa mwisho na thamosi yake ya chai, na chai ikipoa atatuuliza.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaambia kama ilipoa.