Kura Zetu na Elimu ya Watoto Wetu



Kila msimu wa kura unapokaribia, hakuna neno linalotamkwa majukwaani kwa wingi kuliko neno elimu. Hatujapata kumsikia mgombea hata mmoja aliyesimama mbele ya watu akasema kuwa hataki watoto wasome. Kwa hivyo kumpima mtu kwa mapenzi yake ya elimu ni kazi bure. Yatupasa tumpime kwa jambo jengine: je, hilo aliahidilo limo katika uwezo wa kiti anachokiomba?

Sisi wa Visiwani hupewa karatasi tano za kura: ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi, ya Diwani, ya Rais wa Jamhuri ya Muungano na ya Mbunge. Katiba ya Muungano ya 1977, katika Nyongeza yake ya Kwanza, imetia elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Taifa katika mambo ya Muungano. Skuli za maandalizi, za msingi na za sekondari hazimo. Hizo ni za Serikali ya Zanzibar, na fedha zake hupitishwa na Baraza la Wawakilishi. Basi mgombea ubunge akija Mkoani au Makunduchi akaahidi kuajiri walimu wa skuli ya msingi, ama haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na anadhani sisi ndio hatuijui. Huyo aulizwe khabari za mikopo ya vyuo vikuu, na khabari za mtihani wa Kidato cha Nne, ambao mtoto wa Kengeja huufanya sawasawa na mtoto wa Mwanza. Khabari za walimu aulizwe anayetaka uwakilishi, na khasa anayetaka urais wa Zanzibar.

Na hapa kwenye walimu ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Serikali iliyopo imejenga skuli za ghorofa, Unguja na Pemba, na mwenye macho haambiwi tazama. Kukana jambo lililosimama kwa saruji na chuma ni kujivunjia heshima, na twawasihi wasemaji wetu waache. Lakini jengo halifundishi. Twataka kila mgombea, wao na wetu, atwambie: katika skuli hiyo anasomesha nani hesabu, anasomesha nani fizikia, na chumba kimoja kina watoto wangapi? Akijibu kwa kutaja idadi ya vyumba, hajajibu. Akisema ataongeza walimu, aulizwe watatoka chuo gani, baada ya miaka mingapi, na mishahara yao itakatwa katika fungu gani la bajeti. Gazeti letu hili nalo limepata kuchapa ahadi nzuri nzuri bila ya kuuliza fedha. Kosa hilo ni letu.

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa hapa kwetu elimu bila malipo, na hadi leo kila chama huiapia. Vyema. Ila mgombea atufafanulie: daftari, sare, nauli ya gari na mchango unaoitwa wa hiari, vimo ndani ya neno hilo au vi nje yake?

Liko na jambo la lugha, ambalo wengi hulikimbia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Kiunguja chetu ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Na mtoto wa Unguja ndiye anayeambiwa akiweke kando anapofika kwenye hesabu ngumu. Wako wasemao Kiingereza kianze mapema zaidi, kwa kuwa mtihani unamngojea kwa lugha hiyo. Wako wasemao mtoto afahamu kwanza kwa lugha ya mamake. Sisi twaelekea upande wa pili, lakini twakiri kuwa wazazi wengi, na wanachama wetu wakiwamo, hawako nasi, na hoja yao si ya kudharauliwa. Mgombea akishika upande wowote kati ya hizo mbili twaweza kujadiliana naye. Tusiyeweza kumpa kura ni yule anayesifu Kiingereza mjini na Kiswahili shamba.

Makatibu wa matawi wanaombwa wayaandike majibu ya kila mgombea wa jimbo lao, wa chama chochote kile, kwa maneno yale yale aliyoyatumia, na wayalete ofisini. Tutayachapa kama yalivyo, na tutaanza na ya wagombea wetu.