Barua kutoka Moelfre: Waandikeni Waokoaji Wetu

Ndugu zangu wa Nungwi na pwani yote ya kwetu,

Nawaandikia kutoka Moelfre, kijiji cha wavuvi kisiwani Anglesey, kaskazini mwa Wales, ambako Kiwelisi bado ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859, dhoruba iliibamiza meli Royal Charter kwenye miamba ya hapa. Ilikuwa ikitoka Melbourne kwenda Liverpool, imesheheni abiria na dhahabu. Walikufa watu wapatao 450. Hakupona mwanamke wala mtoto hata mmoja. Baharia wa Malta, Joseph Rogers, aliogelea na kamba mpaka ufukweni, na wanaume wa kijiji wakashikana mikono ndani ya mawimbi kuwavuta waliosalia. Kasisi wa Llanallgo, Stephen Roose Hughes, alizika maiti na kuwaandikia wafiwa barua zaidi ya 1,000. Msiba huo ulichangia Uingereza kuanza kutoa tahadhari za dhoruba mwaka 1861.

Miaka 100 ikapita. Tarehe 27 Oktoba 1959, meli Hindlea nayo ikapelekwa na dhoruba kwenye miamba, karibu na mahali hapo hapo. Dic Evans, nahodha wa boti ya uokoaji ya Moelfre, na wenzake wanne waliwatoa mabaharia wote 8, wakiwa hai. Leo sanamu ya Evans ya shaba inatazama bahari, kavaa koti la mvua, mikono kwenye usukani. Kituo cha boti ya uokoaji nacho kingalipo: mabaharia wake wengi ni wa kujitolea, gharama zake ni michango ya watu.

Na sisi je? Feri MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi, Zanzibar, Septemba 2011, wavuvi wetu walitoka kuokoa watu. Ukimwuliza kijana wa leo awataje wawili tu, atawajua? Urithi si majumba ya Mji Mkongwe pekee.

Nawaomba: walimu, watumeni wanafunzi kwa wavuvi hao wangali hai, wayaandike majina yao na waliyoyafanya. Wazee, yasomeni kila Septemba mbele ya watoto. Nasi wa ughaibuni tuchangie boti moja na makoti ya kujiokolea, vikae tayari ufukweni. Sanamu inaweza kusubiri; boti haiwezi.

Ndugu yenu wa ughaibuni