Waranti ya Nyongeza Ipimwe kwa Hesabu, Si kwa Hofu

MIZANI YA WIKI
Na Mwana-Mizani

Waranti ya nyongeza ya gari, yaani mkataba unaouzwa kando ili kugharimia matengenezo baada ya waranti ya kiwandani kwisha muda wake, ni aina ya bima, na haina budi kupimwa kwa vipimo vya bima: uwezekano wa hasara kutokea, ukubwa wa hasara yenyewe, na uwezo wa mwenye gari kuibeba bila kuyumba. Wanunuzi wengi huipima kwa hofu ya gari kuharibika, ilhali hofu hiyo haisemi lolote kuhusu bei inayotozwa ili kuituliza. Hoja ya safu hii ni kwamba, kwa mnunuzi anayeweza kuweka akiba, mkataba huo mara nyingi haurudishi thamani ya fedha zilizoulipia, na kwamba hali zinazoufanya ufae ni chache na zinaweza kutajwa moja baada ya nyingine.

Biashara hii imestawi zaidi nchini Marekani, na huko ndiko faida na hasara zake zinakoonekana waziwazi. Gari jipya la kawaida huuzwa likiwa na waranti ya kiwandani ya miaka 3 au maili 36,000, ambazo ni takriban kilomita 58,000, kwa sehemu karibu zote, na mara nyingi miaka 5 au maili 60,000 kwa injini, giaboksi na vifaa vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gharama ya ahadi hiyo imo ndani ya bei ya gari, na mtengenezaji ndiye anayeumia gari likiharibika mapema. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kuifuta waranti hiyo kwa sababu tu mwenye gari alikwenda kwa fundi wa mtaani au alifunga kipuri kisicho na nembo ya kiwanda, isipokuwa pale mtengenezaji mwenyewe anapotoa huduma au kipuri chake bure. Waranti ya nyongeza ni kitu kingine. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inaeleza kwamba kwa kuwa inalipiwa peke yake, sheria ya nchi hiyo inaihesabu kuwa mkataba wa huduma, na mara nyingi ahadi yake hutolewa na kampuni isiyohusika kabisa na kiwanda kilichounda gari.

Tofauti hiyo ya nani anaumia ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mchumi George Akerlof, katika makala yake maarufu ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alionyesha kwamba muuzaji anapoujua ubovu ambao mnunuzi haujui, soko zima huharibika, kwa sababu mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zuri akihofia kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mwenye gari zuri naye hukataa kuliuza kwa bei ya bovu. Waranti ya kiwandani ni mojawapo ya tiba za ugonjwa huo, maana mtengenezaji asiyeyaamini magari yake hawezi kutoa ahadi ndefu bila kufilisika. Hyundai ilipotangaza nchini Marekani mwaka 1998 waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, wakati jina lake likiwa bado linahusishwa na magari dhaifu, ilikuwa inaweka fedha zake rehani kuthibitisha kwamba ubora umebadilika. Waranti ya nyongeza haithibitishi kitu cha namna hiyo. Muuzaji wake hupata kamisheni papo hapo, gari liwe zuri au bovu, na ndiyo maana muuzaji yule yule anaweza kulisifu gari kwamba halisumbui, kisha baada ya nusu saa akauza kinga dhidi ya usumbufu wake.

Upande wa hesabu nao hauupi mkataba huo nguvu. Shirika la Consumer Reports, linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi na lisilopokea matangazo ya wauzaji, liliwauliza mwaka 2013 wasomaji wake waliowahi kununua waranti za nyongeza, na likakuta kwamba asilimia 55 hawakuitumia kulipia tengenezo hata moja, ingawa bei ya katikati waliyolipa ilizidi kidogo dola 1,200. Waliopata kuitumia waliokoa dola 837, kwa kipimo hicho hicho cha katikati, kiasi ambacho hakifikii bei ya mkataba. Matokeo hayo hayashangazi, kwa sababu fedha za mteja, kabla hazijamfikia fundi, hukatwa kamisheni ya muuzaji, gharama za kampuni inayosimamia madai na faida ya kampuni inayobeba hatari, na kilichobaki ndicho hugawanywa kwa wenye magari yaliyoharibika. Anayeweka akiba yake mwenyewe hana wa kumkata.

Bei halisi hupanda zaidi mkataba unapoingizwa kwenye mkopo wa gari, jambo ambalo ni la kawaida, kwa kuwa huuzwa katika ofisi ile ile ya mikopo ambako mnunuzi huketi akisubiri kutia sahihi. Hapo bei ya mkataba haitajwi kwa jumla yake. Hutajwa nyongeza ya dola arobaini na kitu kwa mwezi. Mkataba wa dola 2,400 ukikopewa kwa riba ya asilimia 9 kwa miezi 72 huleta rejesho la dola 43 hivi kwa mwezi, na hadi mwisho mnunuzi huwa amelipa takriban dola 3,115. Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki ambaye bado hana historia ya mkopo Marekani hutozwa riba kubwa zaidi, na kwake pengo hilo hupanuka. Isitoshe, mkataba unaotajwa kuwa wa miaka 7 mara nyingi huanza kuhesabiwa siku ya kununua gari, kwa hiyo miaka 3 ya kwanza, ambayo kiwanda kingelipia karibu kila kitu, huwa imelipiwa mara mbili, na mnunuzi hubaki na miaka 4 ya kinga kwa bei aliyodhani ni ya 7.

Kwa nini, basi, watu wazima wenye akili timamu huinunua waranti ya nyongeza? Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huihisi hasara kwa uchungu mkubwa kuliko anavyoihisi faida ya kiasi kile kile, na kwamba huyapa matukio ya nadra uzito usiolingana na uwezekano wake. Mchumi Justin Sydnor, katika utafiti wa mwaka 2010 kuhusu bima za nyumba nchini Marekani, alikuta wateja wakilipa takriban dola 100 zaidi kwa mwaka ili kiasi wanachochangia wenyewe wakati wa dai kipungue kutoka dola 1,000 hadi 500, hali ya kuwa waliodai kwa mwaka hawakufika 5 katika kila 100. Kwa maneno mengine, walinunua kwa dola 100 kinga iliyokuwa na thamani isiyozidi dola 25. Hofu ya hasara ndogo ndiyo iliyogharimu zaidi.

Hata anayekubali bei hiyo hana budi kuuliza kinachonunuliwa ni nini hasa, na mfano wa gari lililochemsha unaonyesha ugumu wa swali hilo. Hozi ya rejeta, ambayo ni mpira unaopitisha maji ya kupoza injini, huchakaa na kupasuka. Maji humwagika, mshale wa joto hupanda, dereva huendelea kwa kilomita chache akitafuta pa kusimama, silinda hedi hupinda na gasketi yake huungua, na ubovu wa mpira wa bei ndogo hugeuka ubovu wa injini. Mwenye gari huona kwenye mkataba kwamba silinda hedi imo katika orodha ya vifaa vinavyolipiwa, akajihesabu salama. Msimamizi wa madai, yaani kampuni inayoamua kama fedha zitolewe, husoma kurasa za mbele zaidi, zinazoweza kusema kwamba hozi ni kifaa cha kuchakaa kisicholipiwa, kwamba uharibifu uliosababishwa na kifaa kisicholipiwa nao haulipiwi, na kwamba anayeendelea kuendesha gari lililochemsha amejitakia hasara. Gereji nayo hairuhusiwi kuanza kazi kabla ya idhini, idhini inaweza kungoja injini ifunguliwe ili chanzo kijulikane, na dai likikataliwa gharama ya kuifungua humrudia mwenye gari. Aliyekuwa akibadilisha oili mwenyewe nyumbani, bila risiti, huwa amewapa sababu nyingine ya kumkatalia.

Malalamiko ya namna hiyo yamefika mbele ya mamlaka za Marekani zaidi ya mara moja. Kampuni ya US Fidelis ya jimbo la Missouri, iliyowahi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mikataba hiyo, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2010, na waliokuwa wamiliki wake wakakiri makosa ya jinai mwaka 2012. Mwezi Julai 2024, CarShield pamoja na kampuni inayosimamia madai yake zilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri la FTC, iliyodai kwamba matangazo, yakiwemo ya watu mashuhuri, yaliwaaminisha wateja kuwa matengenezo yangelipiwa ambayo baadaye hayakulipiwa. Mwaka 2023 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoza faini ya karibu dola milioni 300 kwa mtandao uliopiga zaidi ya simu bilioni 5 za mashine katika miezi 3 ya mwaka 2021, nyingi zikiwa za kuuza waranti za magari. Matukio haya hayathibitishi kwamba kila muuzaji ni mdanganyifu, bali yanaonyesha kwamba mnunuzi anaponunua ahadi ya miaka mingi hana budi kumchunguza anayeahidi kama anavyolichunguza gari.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kuutetea mkataba huu ni kwamba akiba huhitaji muda ilhali giaboksi haingoji, na kwamba familia inayotegemea gari moja kufika kazini haiwezi kutoa dola 4,000 kwa siku moja. Hoja hiyo ni ya haki, lakini kwa gari jipya ina jibu: miaka 3 ya waranti ya kiwandani ndiyo miaka ya kuijenga akiba, na anayeweka dola 65 kila mwezi katika kipindi hicho huwa na dola 2,340 siku waranti inapokwisha, fedha ambazo gari lisipoharibika hubaki zake, maana akiba haiozi. Mkataba hubaki na maana kwa anayekusudia kukaa na gari miaka mingi baada ya waranti, hasa gari la aina inayojulikana kwa matengenezo ya bei kali, ambaye anajijua kwamba fedha zilizo mkononi hazikai, na ambaye amepata mkataba unaosimamiwa na mtengenezaji mwenyewe kwa bei aliyoipatana. Bei hiyo hupunguzwa mnunuzi anapobisha, na kwa kawaida hakuna haja ya kuamua siku ya kununua gari, kwa kuwa mikataba mingi ya watengenezaji huuzwa hata baadaye, kabla waranti ya kwanza haijaisha. Aliyekwisha kununua mkataba na kujuta mara nyingi anaweza kuuvunja na kurudishiwa sehemu ya fedha kwa kadiri ya muda uliobaki, ingawa penye mkopo fedha hizo hupelekwa kwanza kupunguza deni.

Kwa Tanzania, Kenya na Uganda mazingira ni mengine, kwa kuwa magari mengi yanayoingia ni yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na hata Kenya, inayokataza gari lililozidi miaka 8, hupokea magari ambayo waranti zake za kiwandani zimekwisha kitambo. Mmiliki wa gari la namna hiyo amekuwa bima yake mwenyewe tangu bandarini, naye hutegemea fundi anayemwamini na maduka ya spea. Kwake fedha hufanya kazi zaidi zikitangulia ununuzi, kwa kumlipa fundi asiye na maslahi na muuzaji alikague gari na kuipima injini, kuliko zikifuata ununuzi kwa njia ya mkataba. Wachache wanaonunua magari mapya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambayo huja na waranti ya miaka na kilomita, wanaweza kuitumia hesabu ya Marekani kama ilivyo.

Soko la waranti za nyongeza likikua katika miji hiyo, mamlaka zina mfano wa kufuata. Mamlaka ya Mwenendo wa Huduma za Fedha ya Uingereza, FCA, ilieleza mwaka 2023 kwamba katika bima inayoziba pengo kati ya thamani ya gari lililoharibika kabisa na deni la gari hilo, bidhaa inayouzwa mezani pale pale pa waranti za nyongeza, ni asilimia 6 tu ya ada za bima iliyorudi kwa wateja kama malipo ya madai. Mwezi Februari 2024, kampuni zilizoshika asilimia 80 ya soko zikakubali kusitisha mauzo kwa muda. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na chini ya sheria hizo inafaa kila muuzaji wa waranti ya nyongeza alazimishwe kuandika, katika ukurasa wa kwanza wa mkataba, ni shilingi ngapi katika kila mia alizopokea mwaka uliopita zilizolipia matengenezo. Mnunuzi akiwa na takwimu hiyo moja, pamoja na bei ya jumla isiyofichwa ndani ya rejesho la mwezi, hatahitaji ushauri wa mwandishi wa safu kuamua.